Mtoto Aliyekataa Majina

Homa Bay, Jumapili, 8 Machi 1964

Mtoto amelia tangu jogoo hadi sasa jua linapozama, na mikono yangu imevimba kwa mawe hata kalamu naishika kama mtaimbo. Lakini naandika, kwa sababu Phelesia Aloo amesema: "Mzazi aliyechoka na aandike. Karatasi haikukatizi, wala haikwambii kwamba mtoto wake yeye alitembea mapema."

Huyu Phelesia Aloo simjui kwa uso. Ni mama wa Rusinga aliyekuwa akiandika katika gazeti la misheni, ukurasa wa nyuma, chini ya maneno "Kwa Aliyezaa Jana". Nasema alikuwa, maana wote wanajua alizama Januari mtumbwi ulipopinduka karibu na Mbita. Mwenye duka anafungia vitu kwa magazeti ya zamani. Ndivyo huyu mama anavyoingia nyumbani kwetu, wiki hii na sukari, wiki nyingine na chumvi. Mke wangu Roseline huikung'uta karatasi, huibandika ukutani kwa uji wa unga, na kuisoma kwa sauti huku akinyonyesha.

Mimi ni Gisiri, Mkuria wa upande wa Kehancha. Niliacha shule darasa la nne ng'ombe wa baba walipokosa mchungaji. Roseline ni wa Kosele na alisoma Asumbi kwa masista, amenizidi mbali. Kikuria hakijui, na Kijaluo changu kinamchekesha, basi nyumba yetu inaongea Kiswahili. Kazi yangu ni kubeba mawe ya kuinua gati, kwa sababu ziwa linapanda na meli itakosa pa kufunga. Tunaweka mawe, ziwa linapanda. Tunaweka tena.

Binti yetu alizaliwa mwezi uliopita. Jina hana bado. Leo hakunyonya vizuri.

Jumanne, 10 Machi

Mvua. Mawe. Hakunyonya vizuri.

Jumamosi, 14 Machi

Dani, nyanya yake Roseline, amekuja kutoka Kosele kumtafutia mtoto jina. Analala kwa jirani, kwani mila yao haimruhusu kulala katika nyumba ya mkwe. Lakini mchana kutwa ni wetu. Mimi ananiita mume wangu, akisema huyu Roseline ni mke mwenza tu.

Mila yenyewe iko hivi. Mtoto akilia bila sababu na kukataa titi, Wajaluo wanasema yuko mtu aliyekufa anayetaka jina lake lirudi. Basi mtoto anawekwa kwenye titi na mzee anayataja majina ya wafu, moja baada ya jingine. Likitajwa lake, ananyamaza na kunyonya.

Dani alikaa kwenye gunia na kuanza na mama yake mwenyewe. Mtoto akalia. Akaja kwa shangazi aliyekuwa mpishi wa pombe. Mtoto akalia zaidi. "Huyo hata mimi nilijua hamtaki," akasema Dani, "alikuwa mchoyo." Akataja wa kwao, akataja wa upande wa mjomba, hata mjane mmoja aliyekufa kwa kuanguka kutoka juu ya mti wa mapera.

"Jaribu Mniko," nikasema. Ni jina la mama yangu.

"Yuko hai au amekufa?"

"Yuko hai. Sisi hatujali hilo."

"Haya, mume wangu. Na Wakuria nao wapewe nafasi." Akainama. "Mniko!"

Mtoto akamtapikia mkononi.

Dani akajifuta pole pole. "Msalimie mama yako," akasema. Roseline alicheka mpaka machozi, halafu yakawa machozi kweli, kwa sababu mtoto hakunyonya.

Jumatatu, 16 Machi

Maji yamefika kwenye mti wa miiba ambapo tulikuwa tunaanika nguo.

Alhamisi, 19 Machi

Roseline ana kitabu kimoja tu. Sista mmoja alimwachia alipokuwa anarudi kwao. Kimeandikwa kwa Kiingereza na mama mweusi wa Amerika, na jalada halipo, kwa hiyo hata jina lake hatulijui. Leo mvua ilizuia kazi, Roseline akanifasiria kurasa mbili. Mama huyo anasimulia alivyokuwa akifua nguo za wazungu mchana kutwa huku mtoto wake amelala ndani ya kikapu cha nguo chafu. Anasema alikuwa akiimba ili mtoto asijue ni kazi, adhani ni nyimbo.

Nilimwambia arudie hapo.

Mimi nilidhani vitabu vinaandikwa na watu waliokaa kwenye viti. Kumbe kuna mwanamke mweusi ng'ambo ya bahari ambaye mgongo wake unauma kama wangu. Na huyu wa ukutani, wa Rusinga, anasema karibu neno lile lile: "Mtoto hajui kwamba umebeba mawe. Usimwambie. Mwimbie." Alijuaje mawe? Hawa wawili hawakuonana kamwe. Wangeonana wangecheka sana, nafikiri, na chai ingepoa.

Baba yangu hakunishika hata siku moja mpaka nilipoweza kushika fimbo. Simlaumu, alikuwa hajasomewa.

Nilimwimbia mtoto wimbo wa kuchunga ng'ombe, kwa sababu sina mwingine. Alinitazama kama anayetazama ng'ombe. Amenyonya kidogo.

Ijumaa, 20 Machi

Hakunyonya.

Jumapili, 22 Machi

Nitaandika yote.

Asubuhi mbavu zake zilionekana. Tulikwenda zahanati, na muuguzi akamfungua mdomo akatuonyesha utando mweupe kwenye ulimi. Akampaka dawa ya zambarau. "Kinywa kinamuuma, ndiyo maana anakataa," akasema. "Lakini amepungua sana. Asiponyonya, mrudisheni upesi, msingoje siku ya soko."

Tulirudi na mtoto mwenye mdomo wa zambarau kama aliyeiba zambarau za watu. Dani alianza tena majina lakini sauti yake ilikuwa imekauka. Alifika kwa watu ambao hata yeye hakuwa na hakika nao. Mwishowe majina yakamwishia. Roseline, ili asilie, akageukia ukuta na kuanza kusoma, mtoto akiwa kifuani:

"Baba anayesimama mlangoni akitazama ndani ni mgeni wa heshima. Lakini hata mgeni, akikaa sana, hupewa jembe. Mpe mtoto amshike. Wako katika upendo, Phelesia Aloo."

Mtoto akanyamaza.

Tukatazamana. "Lirudie," Dani akanong'ona.

"Phelesia Aloo."

"La mwisho tu."

"Aloo," akasema Roseline. Na mtoto akageuza kichwa, akalishika titi, akanyonya. Niliona koo lake likienda juu na chini. Sijaona kitu kizuri kuliko hicho tangu nizaliwe, na nimeona ng'ombe wazuri.

"Huyo Aloo ni nani?" Dani akauliza. "Yuko hai?"

"Alizama Januari, Dani. Ndiye anayeandika humu."

"Si wa ukoo wetu," nikasema.

"Ukoo ni nini? Ameingia nyumba hii kila wiki na sukari. Mfu akipenda watu hagongi mlango." Akasimama, akapiga kigelegele kimoja kirefu. Jirani akaitikia bila kujua ni cha nini.

Binti yangu anaitwa Aloo.

Jumapili, 29 Machi, Pasaka

Aloo amenyonya, amelala, amenyonya. Nilimbeba kwa kanga mpaka gatini kumwonyesha meli. Nyapara wetu Mokaya, ambaye ni Mkisii, alikuwa amekaa juu ya mawe na vijana wengine.

"Gisiri! Umeajiriwa uyaya?"

"Mshahara wake ni mzuri kuliko wako, nyapara."

"Na hicho mdomoni?"

"Dawa," nikasema, nikawasimulia na habari ya jina.

"Basi ni dawa iliyomponya, si jina. Hata Mkisii anajua hilo."

Huenda ni kweli. Lakini alinyoosha mikono ampokee, huyu Mokaya anayetupigia kelele mwezi mzima, na alimshika vizuri, kichwa juu. Kumbe ana wanne. Sikuwahi kumuuliza.

Jumatatu, 6 Aprili

Maji yameingia laini ya chini, tunakoishi sisi vibarua. Tumehamia chumba cha laini ya juu. Roseline alibandua kurasa za Phelesia Aloo kwa kisu na maji ya moto, ukurasa kwa ukurasa, kabla hata ya kuhamisha sufuria.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimeleta sukari na balaa.

Leo duka halikuwa na magazeti ya zamani, yamelowa. Sukari yangu ilifungwa kwa gazeti jipya la mwezi huu. Roseline akalifungua, akakaa chini ghafla. Ukurasa wa nyuma, Kwa Aliyezaa Jana: "Wapenzi wazazi, asanteni kwa kuniombolea. Nilikuwa nipande mtumbwi ule, lakini nilikuwa na jipu mahali ambapo mtu hukalia. Nawalilia waliokwenda, na nimelisamehe jipu langu."

Yuko hai.

Mimi nilitaka kuruka kwa furaha. Nilikuwa nimemwombolea kweli huyu mama. Lakini Dani alikuwa ameshika kichwa. "Tumemwita mtu aliye hai kutoka kwa wafu," akasema. "Jina hilo tuliliita kwa mlango wa makaburi. Ama litamvuta yeye, ama litamvuta mtoto. Lisitajwe tena humu ndani."

"Dani, mtoto amelizoea."

"Mume wangu, sichezi leo."

Hakunitania hata mara moja jioni yote. Hapo ndipo na mimi nikaogopa.

Jumatatu, 13 Aprili

Tunamwita "nyathi" tu, yaani mtoto. Amelia. Mvua.

Jumatano, 15 Aprili

Hakunyonya vizuri.

Alhamisi, 16 Aprili

Roseline hali. Nikimwekea ugali anautazama tu. Nikisema "kula", anasema "tayari". Hakunyonya.

Ijumaa, 17 Aprili

Zahanati tena. Muuguzi alitazama mdomoni. "Safi kabisa," akasema. "Huyu sasa si mdomo." Akamgeukia Roseline, akamkamua kidogo, yakatoka matone mawili. "Mama, unakula? Unalala? Unaogopa nini?"

Roseline akamfunika mtoto kwa kanga. Nani atamwambia muuguzi mambo ya majina.

"Mama akikauka, mtoto anakauka," muuguzi akasema. "Jumanne asipoongeza uzito, namlaza hapa kwa maziwa ya kopo." Nje alinivuta kando. "Baba, chochote kinachomtisha mke wako, kitafute ukiondoe. Mimi sina dawa yake."

Nimekaa nikitazama kurasa zilizobandikwa upya. Huyu mama ana jibu la kila kitu: mchango wa tumbo, wivu wa mtoto mkubwa, baba mvivu. La hili hakuandika. Basi nitakwenda nimuulize mwenyewe. Ama alitoe jina lake kwa hiari, ama atuambie tufanye nini.

Mokaya nilimwambia siku mbili tatu sitakuwepo. Nilitegemea matusi. Akasema, "Maji hayakimbii, nenda."

Jumapili, 19 Aprili, Rusinga

Sisi watu wa ng'ombe maji tunayapenda yakiwa ndani ya kibuyu. Nilivuka nimefumba macho, na mama mmoja aliyekuwa na kuku alinishikia mkono kama mtoto. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Nilielekezwa nyumba iliyokaribia ziwa kupita kiasi. Maji yalikuwa yamefika mlangoni. Mwanamke mfupi alikuwa juu ya ngazi ya ghala akipandisha mihogo na mafungu ya karatasi.

"Namtafuta Mama Phelesia."

"Anatafutwa na nani?"

"Baba wa mtoto."

"Mtoto yupi tena? Mimi sijasingiziwa mtoto tangu zamani sana."

"Mama, shikamoo. Tulidhani umekufa."

"Mlikuwa wengi. Na mmoja alikula chakula cha matanga yangu na mpaka leo hajarudisha sufuria. Ni wewe?"

Nikacheka, nikashikilia ngazi, nikamweleza: mtoto aliyekataa majina, ukuta, zambarau, jipu. Alicheka akiwa kule juu mpaka mihogo ikaanguka. "Wananisoma na sukari!" akasema. "Padri asisikie." Halafu akauliza, bado akicheka, "Na hilo jina alilolikubali, mlimwita Phelesia?"

"Hapana, mama. Aloo."

Akaacha kucheka. Akashuka, ngazi moja moja, akasimama kwenye maji bila kuvua viatu.

"Sema tena."

"Aloo. Jina lako."

"Si langu," akasema. "Mimi ni Phelesia Obonyo. Aloo alikuwa binti yangu."

Alinikalisha juu ya kinu, pakavu. Akaniambia kwamba alizaa mtoto mmoja tu, zamani, na mtoto alikaa juma moja hivi. Maziwa yalikuwa hayajashuka vizuri. Hakupata mwingine, mume akafa, maisha yakaendelea. Padri alipomwomba aandikie gazeti, alimuuliza aweke jina gani chini. "Nikaona hilo la mtoto bado zima," akasema. "Halikutumika. Nikalitumia."

"Na yale yote? Mchango, meno, kuanguka, shule?"

"Yote nilimlea kwa karatasi. Kila mwezi namkuza kidogo. Nikiona mtoto wa jirani anaota jino, Aloo naye anaota."

Nitasema kweli, hasira ilinipanda. Nilijifunza kushika mtoto kwa mtu ambaye hakushika. Nilimtazama, mwanamke mfupi mwenye matope mpaka magotini, na nikafikiria kurasa zile zote. Mimi nina mtoto, na ilibidi mtu anibandikie ukutani ndipo nimtazame. Yeye hakuwa naye, na hakuacha kumtazama. Hasira ikaisha pale pale kwenye kinu.

"Mama," nikasema, "Dani anaogopa kwamba tulimwita mtu aliye hai."

"Hamkumwita aliye hai."

Maji yalikuwa yanapiga mlango pole pole. Akafunga zile karatasi kwa kanga, akaziweka juu kabisa ya ghala, akaomba jirani amtazamie kuku. "Twende," akasema. "Na wewe unavukaje, mbona umefumba macho na hatujafika ufukweni?"

Jumatatu, 20 Aprili

Tulilala Mbita kwa wifi yake, tukafika hapa kabla ya saa sita.

Roseline alisimama mlangoni akamtazama, akamjua bila kuambiwa. Sijui alimjuaje. Aligeuka tu akatazama ukuta, halafu yeye, halafu ukuta. Dani alirudi nyuma hadi kwenye kona.

"Usiniogope, mama," Phelesia akamwambia Dani. "Sikuja kudai." Akamweleza kwa Kijaluo, maneno machache. Niliyaelewa kwa uso wa Dani.

Dani akatoka kwenye kona. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Alikuwa ananyonya alipokwenda?"

"Alitaka. Sikuwa nayo."

"Basi amerudi kumalizia," Dani akasema. "Ndiyo maana analia hivi. Si ukaidi, ni deni la titi." Akageuka kwa Roseline kwa ukali. "Nawe umekaa hapo na njaa! Mtoto wa watu amesafiri toka mbali hivyo, na anakuta chungu kitupu! Mume wangu, lete ugali."

Nikaleta ugali na samaki. Roseline alikula. Alikula huku analia, kisha alikula huku anacheka, kisha alikula tu, na Dani akimsukumia vipande. Phelesia alikuwa amempokea mtoto. Alimshika vibaya, nasema ukweli, kiwiko juu na kichwa chini. Nikamsogezea mkono. "Hivi, mama. Kichwa kiwe hapa."

"Asante," akasema. "Niliandika hilo mara ngapi."

Akainamisha uso. Halafu akaliita lile jina, kwa sauti ndogo ya kawaida, kama mtu anayeita mtoto aje ndani.

Mtoto hakufanya muujiza. Alipiga chafya. Lakini jua lilipoanza kushuka Roseline alimchukua, Dani akaita "Aloo" kwa nguvu kama anayeita meli, na maziwa yakashuka, nguo ikalowa kabla hata mtoto hajafika.

Amenyonya matiti yote mawili.

Jumanne, 21 Aprili

Zahanati. Muuguzi ameona maziwa, ameona mtoto. Hakumlaza. Kopo amelirudisha kabatini. Aliuliza tulifanya nini. Roseline akasema, "Nilikula."

Jumapili, 3 Mei

Phelesia bado yuko kwa jirani pamoja na Dani, kwani nyumba yake ya Rusinga imeingiwa na maji. Wanagombana mchana kutwa jinsi ya kumwogesha mtoto. Dani anasema kanuni za Phelesia ni za gazeti. Phelesia anasema za Dani ni za fisi. Roseline amemsomea kitabu cha yule mama wa Amerika, na walipofika kwenye kikapu cha nguo Phelesia alisema, "Huyu namjua," na kufunga macho.

Alhamisi, 14 Mei

Ziwa limechukua laini yote ya chini. Gati limebaki juu ya maji kwa upana wa kiganja. Mokaya alitununulia chai wote, na kuulizia hali ya Aloo.

Jumatatu, 1 Juni, Madaraka

Sherehe uwanjani. Nilimbeba Aloo begani, akinivuta sikio. Vijana walinitania, nikawapa zamu.

Jumapili, 14 Juni

Mvua imekata. Phelesia amerudi Rusinga kujenga juu zaidi, mbali na maji, na Dani Kosele. Nyumba ina kimya kinachouma kidogo.

Jana nilinunua sukari, nikamwomba mwenye duka aifungie kwa gazeti la mwezi huu. Alidhani nimepatwa na kichaa. Roseline amebandika ukurasa karibu na kitanda. Nimeusoma mwenyewe, bila msaada:

"Wapenzi wazazi, miaka hii yote nimewaandikia juu ya watoto, na kuna jambo sikuwahi kuwaambia kwa sababu sikulijua. Mkojo wa mtoto mchanga, akikukojolea magotini, ni wa moto. Halafu unapoa pole pole. Na mtu huketi hivyo hivyo, amelowa, hataki kusimama."

Chini yake ameandika: Phelesia, mama yake Aloo.

Mtaimbo kesho. Amenyonya.